«Mtoto huyu hasikii»: lugha na huduma za mapema kwa watoto wenye ulemavu

Mama wa Kalemie akisema «mtoto huyu hasikii», anayemsikiliza hawezi kujua mara moja amesema nini. Pengine mtoto amekataa kwenda kuchota maji. Pengine hajafahamu alichoambiwa. Pengine masikio yake hayafanyi kazi. Kitenzi «kusikia» kinabeba yote matatu: sauti kuingia sikioni, maana kuingia akilini, na utii. Hakiishii hapo, kwani tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu ya ndakala wanaokaangwa, na mgeni akifika mjini anaulizwa kama anasikia Kifaransa.

Mwanaisimu ataona hapa neno moja lenye maana nyingi, jambo la kawaida katika lugha zote. Lakini chukua mtoto wa mwaka mmoja aliyezaliwa kiziwi. Neno lile lile ambalo lingemfikisha kwa muuguzi linamfikisha kwenye fimbo. Wazazi wamesema kweli kwamba hasikii. Jirani ameelewa kwamba ni mkaidi. Na baada ya muda hata wazazi wenyewe wanaanza kuamini maana ya jirani. Miezi inakwisha, na kwa mtoto wa umri huo miezi ndiyo yenye thamani. Makala haya yanaeleza huduma za mapema ni nini na zinafanyaje kazi, kisha yanaonyesha kwamba sehemu yake kubwa ni kazi ya lugha, kazi inayowahusu watu wa kitivo kama chetu kuliko tunavyodhani.

Huduma za mapema ni nini

Ni msaada unaotolewa kwa mtoto mdogo mwenye ulemavu, au aliye hatarini kuchelewa kukua, pamoja na familia yake. Mara nyingi huhesabiwa tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu, na katika nchi nyingine hadi siku ya kuanza shule. Neno «familia» halikuwekwa hapo kwa heshima tu. Marekani ilipotunga sheria yake ya huduma hizi mwaka 1986, iliamuru kwamba mpango unaoandikwa kwa miaka hiyo mitatu ya kwanza uwe wa familia nzima. Sababu ni nyepesi. Mtaalamu anamwona mtoto kwa saa moja, labda mara moja kwa juma. Mama, baba, nyanya na dada mkubwa wako naye saa zote zilizobaki. Mtaalamu asipowafundisha hao, hajafanya kitu.

Mfano wa zamani unaotufaa zaidi ni ule wa Portage, mji mdogo katika jimbo la Wisconsin. Mwaka 1969 watu wa huko walikuwa na tatizo ambalo mtu wa Tanganyika analifahamu: mashamba yalikuwa mbalimbali, na kumleta kila mtoto kwenye kituo kimoja hakukuwezekana. Wakaamua kumpeleka mwalimu nyumbani, mara moja kwa juma. Mwalimu na mzazi wanachagua jambo dogo ambalo mtoto anakaribia kuliweza, kama kushika kikombe au kuketi bila kuegemezwa. Mwalimu anaonyesha, mzazi anajaribu mbele yake, kisha mzazi anaendelea peke yake hadi juma lijalo. Hapakuwa na mashine yoyote. Mtindo huo ulienea nchi nyingi, nao unabaki na jina la mji ule.

Kwa nini mapema? Mwili na ubongo wa mtoto mchanga bado vinakubali kuelekezwa. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani anaweza kunyooshwa kwa njia ya daktari Ignacio Ponseti: plasta zinazobadilishwa kila juma, kwa kawaida tano au sita hivi, mkato mdogo wa kano ya kisigino kwa walio wengi, kisha viatu maalumu vya kuvaliwa usiku hadi umri wa miaka minne hivi. Akiletwa akiwa na majuma machache, kazi ni rahisi. Akiletwa na miaka kumi, mifupa imekwisha kukomaa na mara nyingi panatakiwa upasuaji mkubwa. Hali ni hiyo hiyo kwa kichwa kinachojaa maji. Huko Mbale, Uganda, hospitali ya CURE imejulikana duniani kwa upasuaji wa watoto hao, baada ya daktari Benjamin Warf kuonyesha kwamba wengi wanaweza kutibiwa bila kuachiwa mrija kichwani maisha yote. Lakini upasuaji huo hauwezi kurudisha sehemu ya ubongo iliyokwisha kuharibika. Kinachotakiwa kabla yake ni utepe wa kupimia kichwa, na mtu anayejua kwamba kichwa kinachokua haraka si dalili ya akili nyingi.

Kuhusu masikio, utafiti unaotajwa sana ni ule wa Christine Yoshinaga-Itano na wenzake katika jimbo la Colorado, uliochapishwa mwaka 1998. Watoto ambao uziwi wao uligunduliwa kabla ya miezi sita, na familia zao zikaanza kusaidiwa karibu hapo hapo, walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye. Tofauti hiyo ilionekana kwa waliokuwa viziwi kidogo na kwa waliokuwa viziwi kabisa, kwa waliotumia alama na kwa waliotumia sauti. Tuutafakari sisi wasomi wa lugha. Sikio ambalo halisikii halikuwa kizuizi cha mwisho. Kizuizi kilikuwa muda aliokaa mtoto bila lugha yoyote.

Mlango upo tayari

Watu wengi wakisikia habari hizi hufikiri juu ya jengo jipya, mtambo, mfadhili. Mashariki mwa nchi yetu yapo majengo yanayoheshimika, na tuone fahari kidogo kwamba majina yao ni ya Kiswahili: Heri Kwetu kule Bukavu, Shirika la Umoja kule Goma. Lakini barabara kutoka Kalemie hadi huko tunaijua. Mlango wa kwanza wa huduma za mapema uko karibu zaidi: ni ile siku ya CPS, ambapo akina mama wanaleta watoto kupimwa kilo na kuchanjwa. Hakuna huduma nyingine inayowaona watoto wachanga wengi namna hiyo, tena kwa zamu inayojulikana. Muuguzi ana mizani na kadi. Kinachoweza kuongezwa juu yake bila gharama kubwa ni maswali.

Maswali hayo yalikwisha kutungwa mahali pengine. Katika miaka ya 1980 yalitengenezwa yale yanayoitwa Maswali Kumi, yakajaribiwa Bangladesh, Jamaika na Pakistani, ili mtu asiye daktari aweze kumuuliza mzazi wa mtoto wa miaka miwili hadi tisa: alichelewa kuketi, kusimama au kutembea? Anaona vizuri? Anasikia? Ukimwambia jambo anaelewa? Ana udhaifu wa mikono au miguu? Huwa anapata kifafa? Hujifunza mambo kama wenzake? Na mengine ya namna hiyo. Baadaye yalitumika pia Kilifi, pwani ya Kenya, ambako taasisi ya KEMRI ina kituo cha utafiti tangu mwaka 1989.

Hapo ndipo lugha inapoingia. «Anasikia?» tumekwisha kuliona. Mama mwenye mtoto mtiifu mwenye masikio mabovu ataitika «ndiyo», na mwenye mtoto mtundu mwenye masikio mazima atasema «hapana, huyu hasikii kabisa». Anayetafsiri kutoka Kifaransa haoni shimo hilo, kwa sababu Kifaransa kinagawa maneno: kusikia sauti ni neno moja, kuelewa ni jingine, kutii ni la tatu. Swali zuri linaacha kitenzi na kuuliza kitendo: «Mama, ukimwita kwa mgongo bila kumgusa, anageukaka?» «Amelala, mlango ukigongwa, anashtukaka?» Tazama pia hiyo «-aka». Katika Kiswahili chetu ndiyo inayobeba maana ya mazoea. Kiswahili sanifu kingesema «hugeuka», na mama wengi wa mitaani wangebaki kumtazama muuliza. Ukisema «anageuka» tu, unaweza kujibiwa juu ya jana. Silabi moja ambayo walimu wetu wa sekondari walitukataza kuiandika ndiyo inayofanya swali liwe swali.

Mfano wa pili ni kifafa. Pwani ya Tanzania na Kenya mtoto mdogo anayetetemeka na kukakamaa kwa homa anasemekana ana degedege, nayo ni ugonjwa mbali na kifafa. Watafiti waliozungumza na wazazi wa Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta kwamba wengi hawakuihusisha degedege na malaria. Waliiona ni jambo la pepo au la ndege, na la mganga wa kienyeji kwanza. Uliza juu ya kifafa, jibu ni hapana. Uliza juu ya degedege, habari zote zinatoka. Habari hizo ni za maana sana, maana malaria inayopanda kichwani inaacha athari: Kilifi walikuta kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria kali ya aina hiyo alibaki na upungufu fulani wa akili, lugha au mwendo. Mtoto anatoka hospitalini mzima, kila mtu anamshukuru Mungu, na hakuna anayepanga kumwangalia tena baada ya miezi sita.

Kuna na swali la umri. Kadi ikipotea kwa kukimbia vita, au kwa maji ya ziwa yaliyopanda mwaka 2024 yakaingia majumbani, mtoto ana umri gani? Mwenye kuuliza ajue kalenda ya watu: alizaliwa kabla ziwa halijapanda au baada? Alikuwa anatambaa wakati wa kupanda mihogo? Hiyo nayo ni kazi ya lugha. Kuchelewa hakuwezi kupimwa bila umri.

Maneno ya kwanza ya mtoto, na orodha ya nani?

Kazi ambayo ningependa kila mwanafunzi wetu wa isimu aisome ni ya Katie Alcock na wenzake, iliyofanywa pwani ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2015. Walitaka kupima lugha ya watoto wa miezi minane hadi miezi ishirini na minane, katika Kiswahili na Kigiriama. Ulaya na Marekani kazi hiyo hufanywa kwa orodha ya maneno ambayo mzazi anapewa aijaze nyumbani. Pale Kilifi wazazi wengi hawakuweza kuisoma. Basi watafiti wakaigeuza kuwa mazungumzo. Kwanza waliwahoji wazazi wa hali mbalimbali, wakarekodi watoto wakiongea wenyewe, na kutokana na hayo wakakusanya maneno, ishara za mikono na viambishi vinavyotokea kweli. Kisha wakaenda kwa familia zaidi ya 300, wakiuliza kwa mdomo. Majibu yakatosha kuaminika, hata pale mtoto alipokuwa analelewa na watu wengi.

Hawakutafsiri orodha ya Kiingereza, na hapo ndipo penye funzo. Nasi hatuwezi kuibeba orodha ya Kilifi ilivyo. Mtoto wa Kalemie anasema «batoto», «bitu», «mama iko wapi». Anakula bukari, hali ugali. Akipimwa kwa orodha ya pwani ataonekana amekosea mahali ambapo amepatia kabisa, sawasawa na mama yake. Tena huenda nyumbani anasikia Kitabwa, Kiluba, Kiholoholo au Kibembe pamoja na Kiswahili, na maneno yake yamegawanyika kati ya lugha mbili. Ukihesabu za lugha moja tu, utamwita aliyechelewa. Ukisema «wana lugha nyingi, ndiyo maana anachelewa», utamwacha aliyechelewa kweli. Njia ni kuhesabu za lugha zote, na hilo linahitaji mtu anayezijua.

Hata sarufi ina neno lake. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, alionyesha kwamba watoto wadogo huacha mara nyingi kiambishi cha nafsi mwanzoni mwa kitenzi, mahali ambapo mtu mzima asingekiacha. Bila kujua hilo, mwuguzi mwenye bidii angemwandikia mtoto mzima kwamba ana kasoro. Hatuwezi kumjua anayechelewa kabla ya kujua wengine wanapitia wapi, na mtaani mwetu kurekodi kunahitaji simu, subira na ruhusa ya wazazi.

Kuita kwa jina

Juu ya majina ya ulemavu kumekuwa na mjadala mrefu katika nchi za Kiswahili. Wengi wanasema kipofu, kiziwi, kilema na kiwete ni maneno mabaya kwa sababu ya «ki-», inayomfanya mtu kuwa kitu. Ndiyo maana Tanzania ilipita kwenye «mlemavu» hadi «mtu mwenye ulemavu», na sheria yake ya mwaka 2010 ikaitwa ya Watu Wenye Ulemavu. Badiliko ni jema, ila hoja ya «ki-» naiona dhaifu: kiongozi naye ana «ki-», na kijana pia, wala hatulalamiki. Tena tunasema «kiziwi amefika», kwa upatanisho wa watu.

Mimi ningeuliza jambo jingine: neno linaelekeza macho kwenye kiungo gani? Mtoto asiyesikia mara nyingi anaitwa «bubu». Neno hilo linaonyesha mdomo, na mdomo hauna shida. Familia inahangaikia ulimi, inatafuta dawa ya kufungua sauti, wakati usaha unatoka sikioni au wakati mtoto angekuwa anajifunza alama. Shule nyingi za viziwi barani kwetu zilianzishwa na Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe, tangu alipofungua ya kwanza Ghana mwaka 1957. Kazi yake ilifika na Kongo, na alama zilizoenezwa na shule zake bado zinatumika. Lakini shule inampokea mtoto wa miaka sita au saba. Viziwi walio wengi sana wanazaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua alama hata moja. Anayeitwa bubu amekaa nyumbani miaka hiyo yote bila mtu wa kuongea naye. Huduma ya mapema kwake ni kumfundisha mama alama za kwanza, ishirini au thelathini, za maziwa, maji, baba, njoo, moto.

«Mtindio wa ubongo» nao una shida yake. Watanzania wanautumia mara kwa upungufu wa akili, mara kwa ile hali ya misuli kukaza au kulegea kwa sababu ubongo uliumia kabla au wakati wa kuzaliwa. Wapo watoto wengi wenye misuli iliyokaza na akili kamili, na jina hilo linawafungia mlango wa shule. Mama zetu wana maelezo sahihi kuliko jina hilo: «hakulia alipozaliwa», «alikuwa manjano», «anakuwa mgumu kama ubao nikimvalisha». Muuguzi akiandika maneno hayo kama yalivyosemwa, daktari atakayeyasoma atajua zaidi ya vile angejua kwa neno moja la kitaalamu lililobandikwa haraka.

Lipo jina ambalo sheria imelikataza. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inapiga marufuku kumshutumu mtoto kwa uchawi. Tunajua kwa nini ililazimika kuandika hivyo, na tunajua ni watoto gani wanaoshutumiwa kwanza: mwenye kifafa, mwenye kichwa kikubwa, asiyesema. Mama aliyepata maelezo mapema, kwa lugha yake, ana neno la kujibu siku jirani anapoanza kunong'ona.

Baada ya kugundua

Kugundua bila kusaidia ni ukatili, na anayeuliza maswali sharti awe na jambo la kumwambia mama siku ile ile. Mambo hayo ni ya nyumbani. Mtoto mwenye misuli iliyokaza alishwe ameketi, kichwa kikiinama mbele kidogo, asilazwe chali akamiminiwa uji, kwa sababu unaingia mapafuni. Kiti chake kinaweza kutengenezwa kwa katoni na karatasi kuukuu zilizogandishwa kwa gundi ya unga, ufundi uliobuniwa Zimbabwe na Bevill Packer na kufundishwa nchi nyingi. Uganda, mpango unaoitwa Baby Ubuntu unawakusanya wazazi wa watoto wachanga wa namna hii katika vikundi vidogo, na anayeongoza kikundi pamoja na mtu wa afya ni mzazi ambaye naye ana mtoto mwenye ulemavu. Huyo hana haja ya kamusi. Anajua kusema «na wangu alikuwa hivyo», na kikundi kizima kinasikia, kwa maana zote za neno.

Sheria zipo. Kongo ilijiunga mwaka 2015 na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na tarehe 3 Mei 2022 ikapata sheria yake yenyewe, namba 22/003. Zote mbili zimeandikwa kwa Kifaransa kilichonyooka. Katiba inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa ambazo serikali inapaswa kuzikuza. Mama anayepanga foleni ya mizani hajui sheria hizo zipo, wala muuguzi hana maneno ya kumwelezea kwa namna atakayoibeba nyumbani na kumrudia mume wake.

Mwanafunzi anayetafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo aanze na maswali kumi tu. Ayatunge kwa Kiswahili cha hapa, ampe mwenzake ayarudishe katika Kifaransa bila kuona ya kwanza, aone yalipopotea. Kisha akae na akina mama kumi na watano, asiwaulize kuhusu watoto wao bado. Awaulize wao wameelewa wameulizwa nini. Katika «anasikia» peke yake atapata kurasa za kutosha.